Mwaka Alioukataa

Mashine ya kutoa namba za foleni ilikuwa imebana ncha ya glavu ya mwanamke mmoja mgeni, na watu zaidi ya hamsini waliojazana katika ofisi ya vibali vya ukaazi walikuwa wanamtazama.

"Niachie, we shetani wa chuma!" alifoka kwa Kiswahili, akiamini hakuna wa kumwelewa.

"Usiitukane, dada, itakunyima namba," sauti ya kiume ikasema nyuma yake.

Mwanamke aligeuka. Aliyesema alikuwa mwanamume mrefu, ovaroli ya buluu, macho mekundu ya mtu aliyetoka zamu bila kulala. Alichomoa bisibisi mfukoni, akafungua kifuniko, akamrudishia glavu yake pamoja na namba: themanini na tatu. Ubaoni walikuwa wamefika kumi na tisa.

Walikaa saa nne kwenye viti vya plastiki. Mwanamke alimweleza kwamba anasomea shahada ya uzamivu katika jiolojia ya bahari, na amekuja kwa miezi kumi kwenye taasisi ya utafiti ya mji ule, kwa sababu chuo chao hakina vyombo vya kazi yake.

"Kazi gani hasa?"

"Napasua mabomba ya tope lililotolewa chini ya bahari. Nalichuja, nalikausha, halafu natafuta vigamba vidogo kuliko chembe ya chumvi. Navihesabu kwa hadubini."

"Vyote?"

"Mia tatu kwa kila sentimita. Bomba lina mita tatu."

Mwanamume alipiga mluzi. "Na mimi nilidhani kutengeneza lifti ndiyo adhabu."

Mwanamke alicheka mpaka skafu yake ya njano ikamdondoka begani. Hakuwa amecheka tangu afike. Kuanzia siku hiyo yeye akawa Mtaalamu, na mwenzake akawa Fundi.

Mapenzi yao yalikuwa ya watu waliochoka. Siku za mapumziko walikutana chumbani kwa Mtaalamu, ghorofa ya tano, wakapika chochote kilichokuwepo, wakawasha filamu, na kabla ya robo saa wote wawili walikuwa wanakoroma. Siku za kazi zilikuwa za simu.

"Mtaalamu wangu, umefika ngapi?"

"Mia mbili na kumi na nne. Usinisemeshe, nitapoteza hesabu."

"Haya, nimenyamaza. Nasikiliza pumzi tu."

"Fundi, kafanye kazi!"

"Nipo kazini, laazizi. Nimening'inia ghorofa ya tisa."

Jambo moja tu lilimkera Mtaalamu. Alimsimulia Fundi habari za baba yake aliyepigwa na kiharusi, na za dada yake mkubwa ambaye kwa miaka miwili alikuwa anamgeuza mzee kitandani, anamwosha, peke yake. Fundi alisikiliza vizuri. Lakini akiulizwa, "Na kwenu je?" alijibu, "Wazima," akainuka kwenda kuosha sufuria.

Mwezi wa tisa wa utafiti wa Mtaalamu, Fundi alitumwa kwenye taasisi ileile kutia grisi lifti. Mhudumu wa maabara, mama mmoja mchangamfu aliyewajua wote wawili, akamwambia kwa nia njema, "Mshawishi basi mwenzio. Wamempa mwaka mzima wa nyongeza, ameukataa."

Fundi alipanda ngazi na grisi yake mikononi. Alimkuta Mtaalamu ameinamia hadubini, koti jeupe limechafuka tope la kijivu, nywele kazifunga kwa mpira.

"Umepewa mwaka?"

Brashi aliyokuwa anatengea vigamba ilisimama. "Nani kakwambia?"

"Umepewa, hukupewa?"

"Nimepewa, nimekataa. Dada yangu kachoka, Fundi. Juzi kalia kwenye simu, na dada si mtu wa kulia."

"Sijasema ubaki. Nasema hukunigusia. Mimi ni nani kwako, jirani?"

"Ningekugusia vipi? Nikitaja nyumbani tu unakimbilia sufuria! Nilidhani unasubiri niondoke."

"Basi endelea kudhani," Fundi alisema, akateremka.

Siku kumi na moja hakuna aliyepiga. Mtaalamu aliamini mwenzake amepumua. Fundi aliamini ameshafutwa. Wote walikosea, na wote walilala wameshika simu. Kazini Mtaalamu alipoteza hesabu mara tatu kwa siku, akarudia moja, mbili, tatu.

Jumatatu ya wiki ya safari, alikuwa anateremsha masanduku ya sampuli lifti ilipotikisika na kukata roho kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza. Alibonyeza kengele, akakaa juu ya sanduku. Hata hasira hakuwa nayo. Alisinzia.

Nusu saa baadaye mlango uligongwa.

"Nani yumo?"

Aliijua sauti. "Mimi. Na masanduku sita."

"Uko salama?"

"Niko salama. Fungua."

"Nitafungua. Ngoja kwanza niseme, maana nikikuona usoni sitaweza." Fundi aliegemea mlango. "Baba yangu alifariki miaka sita iliyopita. Nilikuwa na mwezi mmoja tu kwenye kazi hii. Niliwaambia nyumbani ndege zimejaa. Hazikuwa zimejaa. Niliogopa kuomba ruhusa. Wakamzika bila mimi. Tangu hapo naongea na kaka tu, mama namtumia salamu. Nikikuona unavyohangaika kurudi kwa baba yako, naona aibu hata ya kukaa karibu na wewe."

Mtaalamu aliweka kiganja kwenye chuma baridi. Maneno makali aliyokuwa ameyapanga siku zote zile hakuyaona tena.

"Kwa nini hukuniambia, mpenzi?"

"Ungeniheshimu tena?"

"Na mimi nilikuficha ule mwaka wa nyongeza. Tuko sawa. Nifungulie, miguu imekufa ganzi."

Milango iliachana. Sakafu ya lifti ilikuwa usawa wa kifua cha Fundi. Akampokea mikononi kama mzigo wa kuvunjika, wakabaki hivyo.

"Umekonda," Fundi alisema.

"Na wewe unanuka grisi."

Walikaa kwenye ngazi, bega kwa bega.

"Naondoka Alhamisi."

"Najua. Mkataba wangu unaisha mwezi wa pili." Alitazama viatu vyake. "Nikuoe?"

"Unaniuliza au unaniambia?"

"Nakuuliza."

"Jibu ninalo. Lakini mpigie mama kwanza."

Fundi alifuta mikono kwenye ovaroli mara tatu. Akapiga, akaweka spika; simu iliita mara tano.

"Nani?"

"Mimi, mama."

"Mimi nani? Nimezaa wengi."

"Yule wa kati. Nisamehe, mama. Ndege hazikuwa zimejaa."

"Tulijua," mama akasema taratibu. "Kaka yako aliuliza shirika la ndege siku ileile. Baba yako keshapumzika, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuwa nakungoja." Akavuta pumzi. "Na nani huyo anayelia hapo pembeni?"

"Ni mchumba wangu. Kama atakubali."

"Nimekubali," Mtaalamu alisema, akijifuta kwa mkono wa koti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sasa mnakuja lini? Msinipe 'tutaona', nimezeeka."

Fundi alimtazama mwenzake. "Yeye anatangulia Alhamisi. Mimi mwezi wa tatu, mama. Tarehe kumi na mbili."

Upande wa pili wakasikia ndala zikiburuzwa sakafuni, na droo ikifunguliwa kwa pupa.

"Usikate simu," mama alisema kwa mbali. "Ngoja nitafute kalamu."