Mtandio wa Udi katika Msitu wa Ipole

Nyumbani kwa akina Tunu, mtaa wa Isevya mjini Tabora, nguo haisafiri kabla ya kupita kwenye chetezo. Mama yake, Bi Zuwena, huweka kaa la moto, hutia udi, kisha huifunika nguo juu ya moshi mpaka ishike harufu. Chakula cha njiani anaweza kukisahau, lakini udi hausahau. "Binti yangu haendi kwa watu akinuka vumbi," alisema asubuhi ya safari, huku akikunja mtandio wa zambarau na kuuweka juu kabisa kwenye begi.

Safari ilikuwa ya Ipole, wilaya ya Sikonge. Bernadeta, aliyekaa naye dawati moja darasa la sita, alimwalika likizo kwa shangazi yake. Shangazi huyo, Gaudensia, alikuwa mfugaji nyuki na pia aliwaongoza wageni msituni. Tunu alikuwa na hamu ya kuona tembo tangu darasa la tatu. Alisikia kwamba kiangazi tembo hunywa maji kwenye lambo moja ndani ya msitu wa miombo, na palahala, wale swala wakubwa wenye pembe zilizopinda, husimama pembeni wakisubiri zamu.

Siku ya pili, gari la kikundi cha wafugaji nyuki lilikuwa tayari katika kambi alikoishi shangazi. Kabla hawajapanda, Shangazi Gaudensia alisimama mbele yao. Njia ya lambo ilipita katikati ya mizinga, akaeleza, na nyuki wa Ipole hawapendi harufu ngeni.

"Hapa mtu hapekuliwi," alisema. "Kila mmoja hujijibia kwa kinywa chake kama ana kitu kinachonukia. Anayenukia haendi msituni. Mabruki?"

"Sina kitu," alijibu dereva.

"Bernadeta?"

"Sina, shangazi."

"Tunu?"

Tunu alikuwa amevaa nguo za michezo zilizofuliwa jana kambini, udi ukatoka. Mtandio ulikuwa ndani ya begi begani. Alitaka kuuvaa apigwe picha tembo wakiwa nyuma yake, aitie shule nzima wivu. Akisema kweli ataachwa kambini kuchambua maharage, na gari lingepatikana siku hiyo tu.

"Sina, shangazi," alisema.

Shangazi Gaudensia hakumtazama mara mbili. Alimwamini, na hilo lilimchoma Tunu kidogo, lakini gari lilipoondoka akalisahau.

Karibu saa tano walifika kwenye korongo lililokauka. Mchanga ulikuwa mwingi, na gurudumu la nyuma likazama mpaka nusu. Waliteremka wote. Bernadeta aliweka begi lake kwenye mchanga, hatua kumi hivi kutoka garini. Mabruki alichukua jembe akaanza kuchimba, na Shangazi Gaudensia akaenda kukata matawi ya kutandika chini ya gurudumu. Tunu aliona nafasi yake ya kujiandaa kwa picha. Alitoa mtandio, akaukung'uta, akajitanda.

Nyuki wa kwanza alimpita sikioni. Wakaja watatu, kisha mlio ukajaa hewani.

"Garini," Shangazi Gaudensia alisema bila kupaza sauti. "Fungeni vioo."

Waliingia kwa kusukumana. Mabruki aliumwa shingoni na Bernadeta mkononi. Tunu aliurudisha mtandio kwenye begi, akalikumbatia kifuani. Nyuki walianza kupiga vioo kama mchele unaomwagwa kwenye ungo.

"Watachoka," alisema Mabruki.

Hawakuchoka. Jua lilipanda na viti vikawa vya moto. Jasho liliwatiririka mgongoni, na hakuna aliyethubutu kushusha kioo hata kidogo. Mabruki aliwasha gari, gurudumu likazidi kuzama, akalizima. Simu haikuwa na mtandao.

"Bomba la moshi wa kutuliza nyuki ninalo hapa miguuni," Shangazi Gaudensia alisema. "Lakini nikiliwasha humu ndani, Bernadeta atazidiwa. Nikifungua mlango, wataingia wengi."

Ndipo Tunu alipomtazama rafiki yake. Bernadeta alikuwa na pumu. Aliinama, mabega yakipanda na kushuka, na kifua chake kikitoa sauti ya filimbi. Dawa yake ya kupuliza ilikuwa kwenye begi lililobaki mchangani.

"Pumua polepole, mwanangu," Shangazi Gaudensia alisema, akimfungua kifungo cha shingoni. Kisha akatazama vioo, kimoja baada ya kingine. "Mbona wameganda upande mmoja tu? Nyuki hawa wanafuata kitu."

Upande huo ndio aliokaa Tunu. Hakuna aliyemgeukia, na hilo lilimtesa zaidi. Akinyamaza, atabaki mtoto mzuri. Akisema, Mabruki atamchukia, shangazi atamrudisha Tabora, na mama atasikia. Alitaka kulia. Filimbi ya kifua cha Bernadeta ikakatika, ikaanza tena kwa tabu.

"Shangazi, ni mimi," Tunu alisema. "Nina mtandio uliofukizwa udi. Umo kwenye begi. Asubuhi nilisema uongo."

Mabruki alipumua kwa nguvu. "Kumbe kikulacho ki nguoni mwako."

"Ulete," Shangazi Gaudensia alisema.

Alishusha kioo cha upande wa Tunu kwa upana wa kidole, akausukuma mtandio nje, akafunga. Nyuki wawili waliingia, akawaponda kwa kiganja. Mtandio ulianguka mchangani, na wengi wakaushukia mpaka zambarau yake haikuonekana. Shangazi Gaudensia alijifunika khanga kichwani, akatokea mlango wa pili akiwa na bomba. Waliona moshi, kisha wakamwona akitembea bila kukimbia hadi kwenye begi la Bernadeta. Aliporudi, uso wake ulikuwa umeumwa mara tatu.

Bernadeta alipuliza dawa mara mbili. Wote walimsikiliza mpaka pumzi yake ilipotulia. Kisha matawi yakatandikwa, moshi ukiwalinda, na gari likatoka korongoni. Hawakwenda lamboni. Walikwenda moja kwa moja zahanatini.

Jioni, waliporudi kambini, Tunu aliketi karibu na kitanda cha Bernadeta. "Nisamehe," alisema.

"Nimekusamehe," Bernadeta alijibu. "Lakini leo sitaki kuongea na wewe."

Tunu alitoka akakaa kizingitini. Shangazi Gaudensia alikuja kuketi kando yake. Jicho lake moja lilikuwa limevimba.

"Shangazi, utanirudisha Tabora?"

"Hapana. Kesho nitampigia mama yako simu, na wewe ndiye utakayemwambia. Udi si kosa, Tunu. Mama yako alikutakia heri. Ungeniambia asubuhi, ningeuacha mtandio kambini nawe ungepanda gari."

Tunu alimtazama. "Ningepanda?"

"Ungepanda. Mtandio ulikuwa mmoja, nao ungebaki. Ukweli usingekugharimu hata tembo mmoja." Shangazi Gaudensia alipangusa jicho lake. "Uongo mtu huusema peke yake, mwanangu, lakini haumfungii mlango mtu mmoja. Leo ulitufungia sote, na aliyeishiwa pumzi si wewe."