Aliyefanana na Mama

Mama alikuwa fundi cherehani. Chumba chetu cha mbele kilinukia kitambaa kipya na mafuta ya mashine. Pini zikiwa mdomoni, alitugombeza kwa macho tu, na tulielewa kila neno.

Nguo zake na za dada yangu alizikata kwa karatasi moja ya vipimo. Hakuongeza hata inchi. Mimi, binti yake wa pili, nilichukua mabega ya baba.

"Njoo, Mabega," Mama aliniita. "Kwako hata kitambaa kinaomba msaada!"

Tulicheka. Lakini moyoni niliona wivu. Nilitamani ile karatasi initoshe na mimi.

Mama alifariki kwa saratani ya matiti, angali kijana. Jamani, cherehani ile ilivyonyamaza! Tangu hapo nyumba nzima iliamini jambo moja: Dada ni Mama mtupu, basi ugonjwa nao ni wake. Dada mwenyewe aliamini, hata akamkataa mchumba. Mimi nilijiona salama.

Siku moja alikuja mama mdogo, ndugu yake Mama, ambaye naye aliugua saratani hiyo akatibiwa. Alikuwa amepimwa vinasaba hospitalini, na hitilafu ya kurithi ikaonekana. Akatupeleka kwa muuguzi mshauri.

"Vinasaba ndiyo nini?" nikauliza.

"Ni maelekezo ya mwili. Nusu umeyapata kwa mama, nusu kwa baba," muuguzi alisema. "Mzazi akiwa na hitilafu hii, mtoto anaweza kuirithi au kuikosa. Wa kike na wa kiume, sawasawa."

"Basi mpime huyu," nikasema, nikimwonyesha Dada. "Ndiye aliyefanana na Mama."

"Sura haituambii kitu. Mnapimwa wote wawili, mkitaka."

Dada aliuliza kwa sauti ndogo, "Nikiwa nayo, ndiyo nimekwisha?"

"La hasha! Hatari yako ni kubwa zaidi, lakini si lazima uugue. Ukijua, tunakuchunguza mapema. Ila sikufichi: majibu yanaweza kukunyima usingizi, hata kuleta maneno katika familia. Ukishayasikia, huwezi kuyasahau. Na asiye na hitilafu pia anaweza kuugua, kama mtu mwingine yeyote. Nendeni mkafikiri. Halazimishwi mtu."

Tulifikiri mwezi mzima. Kisha tukatoa damu.

Majibu yakaja. Dada hana. Mimi ninayo.

"Mimi? Na mabega haya?"

Nilikasirika mno. Nilimnunia muuguzi, nikamnunia Dada, nikamlaumu hata Mama. Kwa wiki mbili chakula hakikupita. Dada alilia kuliko mimi. Halafu akanishika mkono, tukaenda kliniki.

Nikaanza kuchunguzwa kila mwaka. Mwaka wa tatu waliona uvimbe mdogo, kama punje ya mtama. Mkono wangu usingeugundua kamwe. Ukatolewa, nikatibiwa, nikarudi kazini.

Binti yangu nimemweleza yote. Akiwa mtu mzima, ataamua mwenyewe kupimwa au kuacha.

Jana Dada, ambaye sasa ameolewa, alifungua kabati akatoa karatasi ya Mama. Akaiweka mgongoni pangu. Mabega yalitokeza pande zote.

"Haikutoshi hata kidogo," akasema, huku anacheka na kufuta machozi.

"Nikatie yangu," nikamwambia. "Juzi nimefikisha umri ambao Mama hakuufikia."