Dole Gumba la Mwalimu Yusta

Alhamisi moja ya Machi 2014, Mwalimu Yusta hakufika shuleni. Darasa la tatu lilikaa bila mwalimu mpaka mchana. Mumewe, Philemon, alisema amekwenda Kibondo kwa dada yake.

Jumapili asubuhi, wafyatua matofali wa Kasulu walimkuta kwenye shimo la udongo, kanga imekazwa shingoni.

Inspekta Mudathiri alipiga magoti kando ya mwili. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa na rangi ya zambarau. Vingine vilikuwa na udongo tu.

"Wino wa muhuri," alisema.

Akaenda moja kwa moja kwa mtendaji wa mtaa, Evaristi. Faili lilitolewa. Ndani yake mlikuwa na fomu ya Yusta kuridhia nyumba ya ndoa iuzwe. Chini palikuwa na dole gumba, na tarehe ya Ijumaa.

"Ulimwona akiliweka?"

"Mumewe alisema anaumwa. Akaazima pedi ya wino, akairudisha pamoja na fomu."

"Hukwenda kumwona?"

"Afande, mimi mtendaji, siyo mkunga. Siingii vyumbani kwa wake za watu."

"Mwanao nani alimfundisha kuandika?"

Evaristi aliinamisha kichwa. "Mwalimu Yusta."

"Na mwalimu huyo akaweka dole, nawe ukagonga muhuri."

Mudathiri aliona mwalimu angesaini; akaipeleka fomu ikalinganishwe na vidole vya marehemu, huku akimtafuta mwanamke aliyejifanya Yusta. Siku tano baadaye majibu ya alama za vidole yalifika kituoni. Aliyasoma mara mbili, kisha akampa Konstebo Esteri.

"Dole ni lake mwenyewe," Esteri alisema polepole. "Lakini daktari ameandika alikufa Alhamisi."



Philemon aliletwa. Mudathiri aliiweka fomu mezani.

"Ijumaa mkeo alikuwa wapi?"

"Stoo."

"Na watoto?"

"Chumba cha pili. Niliwaambia wasifungue stoo, nimetega sumu ya panya."

Esteri aliacha kuandika.

"Endelea," Mudathiri alisema.

"Nilitaka lori, nipeleke maharage Manyovu. Mnunuzi wa nyumba akasema bila ridhaa ya mke hanunui, ndiyo sheria. Nilimbembeleza Yusta miezi mitatu. Akanijibu, 'Lori likipinduka, watoto watalala kwenye matairi?' Nyumba tulijenga wote, lakini mwanamume ni mimi."

"Kwa nini hukuiga saini yake?"

"Ina mikunjo mingi, afande. Nikaona dole ni dole, hakuna wa kulipinga."

"Ulimuua kwanza, ridhaa ukaichukua baadaye."

"Ndiyo."

"Usiku wa Jumamosi ukambeba mpaka shimoni."

"Ndiyo, afande."

Esteri alimsogezea maelezo yake. Philemon alisaini kwa kalamu.

Yuko gerezani, kesi ya mauaji inaendelea. Nyumba haikuuzwa. Mahakama imemteua mama yake Yusta kuwa msimamizi wa mirathi. Amehama kutoka Munanila, na anaishi katika nyumba hiyo na wajukuu wake wawili.