Njiru Alipombonyezea Saa Asiyeonekana

Futa hilo tabasamu kwanza. Wewe unayeona majini ni mambo ya Wapwani, na kwamba huku Nkubu makanisa yameyamaliza, rudi kwako ukalale. Makandi naye alikuwa na kanisa, tena benchi la mbele, na bado alisikia kete ikitembea ndani ya chumba chake saa tisa mchana, jua likiwaka.

Tok.

Alikuwa uani akichambua maharagwe. Akainua kichwa. Chumba cha nyuma alikuwa amewaachia watu wa klabu ya chesi, klabu ya marehemu mumewe Ndambiri, nao walichezea kete za plastiki juu ya mkeka laini. Plastiki hailii hivyo. Ule ulikuwa mti ukigonga mti, na ndani alikuwamo Njiru peke yake.

Njiru mwenyewe alikuwa amebadilika. Karani wa kaunti, mtu wa domo refu, lakini leo alifika mlangoni akasimama kama gunia. Kama Makandi asingemsalimia, Njiru asingesema neno. Kama asingemwambia aingie, angesimama pale mpaka giza.

"Cucu!" Felicitas, mke wa Njiru, aliingia langoni mbio akimwita bibi, kiatu kimoja mkononi. "Yuko wapi?"

"Salimia watu kwanza. Yuko kwa michezo yake."

"Na nani?"

"Peke yake."

Felicitas akashika ukuta. "Uui, Cucu. Atakufa."

Akaeleza kwa kunong'ona. Wachezaji wa Manyatta walikuwa wamempiga Njiru mara tatu, zote akiwa na kete nyeusi. Hakujua achague kinga gani, yaani mpango wa nyeusi wa kujibu nyeupe ikishaanza: wiki hii Kisisilia, wiki ijayo Kifaransa, kisha Karo-Kan, anazibadilisha kama mtu anayehamahama makanisa. Ndambiri alipozikwa, klabu iliacha kiti chake na ubao wake wa kete za mti vimepangwa, upande wa nyeupe, kwa heshima, na mtu asikae mbele yake mpaka mwezi uishe. Njiru akakaa. Akasema, "Mzee, nichagulie kinga." Kwenye chesi nyeupe ndiyo huanza, lakini mwenye nyeusi ndiye hubonyeza saa kumruhusu. Njiru akabonyeza.

"Na akajibiwa?" Makandi akauliza.

"Askari wa mbele ya mfalme alisogea, Cucu. Hatua mbili. Hakuna mkono." Felicitas akautupia macho mlango wa chumba. "Tangu hapo anawapiga wote. Lakini nyumbani haanzi kitu. Hali mpaka nile. Halali mpaka nilale. Jana nikashika pumzi, mzaha tu, naye akashika. Nikaachia, akaachia. Anapumua baada ya mtu kupumua. Sasa mle ndani, na lile lisiloonekana, nani anapumua?"

Makandi hakungoja. Alisukuma mlango kwa bega, na harufu ya nywele zilizoungua ikampiga usoni, na pale kwenye mwanga wa dirisha akamwona Njiru amekaa wima, macho wazi, midomo imegeuka zambarau, kidole chake kikishuka polepole kuelekea saa, na kifua chake, ambacho kilikuwa kimetulia kama cha maiti, kikainuka pale tu yeye na Felicitas walipovuta hewa kwa hofu.

"Pumua kwa nguvu," akamwambia Felicitas, akakidaka kile kidole. Kilikuwa baridi kama bomba la asubuhi.

Kiti cha upande wa pili kikakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha Ndambiri, na ule mkwaruzo wake wa mwisho. "Baba Kaari?" Makandi akanong'ona, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao. Kisha akaona kiti kimesogezwa, kimebana meza. Ndambiri alikuwa na mguu usiokunjika. Miaka ishirini alikaa mbali na meza, akizinyooshea kete mkono. Hofu ikamwishia Makandi, hasira ikakaa mahali pake.

"Twende tumwite pasta," Felicitas akasema, machozi yakimtiririka.

"Pasta anajua chesi?" Akamgeukia Njiru. "Mmecheza michezo mingapi?"

Kwa kuwa ameulizwa, akajibu. "Sita. Wa saba ndio huu unaanza."

"Nyeupe ilikuwa ya nani?"

"Yake."

"Yote sita?"

"Yote."

"Mwizi," Makandi akakiambia kiti. "Klabu hii hubadilishana rangi kila mchezo. Mwenye kiti hicho ndiye aliyeiandika kanuni hiyo. Umetaka kiti chake, chukua na kanuni yake."

Akashika ubao augeuze. Ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia, na harufu ikazidi, na kikohozi kikageuka mlio usio wa mtu wala mnyama, na ukutani matone yakaanza kushuka ijapokuwa hapakuwa na mvua, lakini akavuta mpaka kete nyeupe zikawa mbele ya Njiru na nyeusi mbele ya kile kiti.

"Mwenye nyeusi, bonyeza."

Kisha kitufe cha saa kikashuka chenyewe.

Felicitas akafungua mdomo amwambie mumewe aanze. Makandi akauziba kwa kiganja. "Ukimwambia, atakuwa anajibu tu," akamnong'oneza sikioni. "Shika pumzi. Aanze mwenyewe."

Wakashika. Saa ikala dakika. Uso wa Njiru ukaiva, ukawa wa majivu, mishipa ya shingo ikasimama, na Felicitas akaanza kumpiga Makandi ngumi za kimyakimya, na Makandi hakumwachia, mpaka mkono wa Njiru ulipopanda, ukamsukuma askari mmoja, na hewa ikaingia kifuani mwake kwa kishindo kama mtoto anayezaliwa.

Akabonyeza saa. "Fely," akasema, hakuna aliyemuuliza, "mbona una kiatu kimoja?"

Felicitas akamkumbatia, akamburuta nje.

Makandi akabaki. Upande wa pili askari mweusi aliinuka kidogo, akarudi chini. Farasi akainuka, akasita, akarudi. Kisha askari mwingine. Lile dude halikuwahi kuchagua kinga. Siku zote lilikuwa likianza, na kinga ni ya mwenye kujibu.

"Anayegusa kete lazima aicheze. Umeshika, cheza," Makandi akaliambia.

Akatoka, akafunga mlango.