Boya Lililolala

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu unajulikana mtaa mzima. Jioni ile nilikuwa nafunga duka, mdogo wangu akaingia bila hodi, kopo la mshipi wa kuvulia mkononi, akaanza kupekua chini ya meza yangu.

"Unatafuta nini, mwizi?"

"Kipande cha uzi tu, dada. Mama anataka samaki."

Mama alikuwa ametoka kwenye homa ndefu, na siku hiyo ndiyo kwanza alitamani chakula. Kwa furaha sikumfokea sana. Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea mageti, mtu mzima na ndevu zake, ila kwangu bado ni mtoto. Akaokota uzi sakafuni, akautia mfukoni. Nikabeba mkasi wangu wa kukatia nguo, maana huwa siuachi dukani, tukaondoka.

Nyuma ya mtaa kuna machimbo ya mawe ya zamani. Waliacha kuchimba, shimo likajaa maji. Kingo ni mwamba mtupu, na maji ni marefu hapo hapo unaposimama.

Mdogo wangu hawezi kuvua bila kuhutubia. Alitoa maboya mawili.

"Hili nene ni la siku ya upepo. Leo kumetulia, tunatumia hili jembamba, samaki akigusa tu linakwambia. Na halifungwi, dada. Mshipi unapita katikati, linateleza."

"Sasa chambo kitaishia wapi, kuzimu?"

"Ndiyo maana kuna fundo." Akaufunga ule uzi juu ya mshipi, akaukaza kwa meno. "Ukirusha, hiki kipande kizito cha risasi kinavuta ndoana chini, mshipi unateleza ndani ya boya mpaka fundo likwame kwenye huu ushanga. Hapo boya linasimama wima. Likilala ubavu, ujue risasi imetua chini, kina ni kifupi kuliko ulivyodhani. Unasogeza fundo karibu na ndoana, unarusha tena. Lakini hapa nimeshapima. Hata watu watatu wakipandana mabegani, wote wanazama."

"Haya, mwalimu. Rusha basi, mama ana njaa."

Akazungusha ncha ya mshipi kwenye kifundo cha mkono, tabia mbaya ambayo namgombeza kila siku, akarusha.

Chubwi!

Boya likalala.

Akakunja uso. Akavuta, akasogeza fundo, akarusha tena. Likalala. Akalisogeza zaidi, kina kikawa kama kimo chake mwenyewe. Likalala. Nilicheka mpaka nikakaa chini. "Fundi mzima, kupima maji kumekushinda!" Alisogeza fundo mpaka ikabaki urefu wa mkono mmoja, akarusha hapo karibu na miguu yetu.

Likalala.

"Dada..." alinong'ona. "Chini hakuwezi kupanda."

Kicheko kikanikauka. Kulikuwa na kitu kimeibeba ile risasi... na kilikuwa kinapanda nayo.

Halafu nikasikia harufu. Harufu ya nguo mbichi iliyosahauliwa kwenye ndoo. Nilikuwa nimeshinda nayo dukani. Asubuhi mwanamke nisiyemjua aliniletea shati la kiume, linachuruzika maji ya tope. Akaniambia nifumue mishono yote. "Uzi wote nirudishie, hata kipande kisibaki." Nikamuuliza ni la nani. "La mwanangu. Linambana, hawezi kutoka." Nilidhani kachanganyikiwa, maskini. Nikalifumua, nikamkusanyia uzi wake, akaenda zake.

"Wewe! Huo uzi umeuokota wapi?"

"Si chini ya meza yako?"

"Ukate! Ukate sasa hivi!"

Boya likasimama wima.

Likazama.

Mshipi ulikaza ghafla, ukaingia kwenye mkono wake kama unakata jibini. Niliona mfupa, wallahi niliuona. Alianguka kifudifudi, mdomo ukapiga mwamba, meno ya mbele yakabaki pale juu ya jiwe kwenye damu. Nikamdaka mkanda wa suruali, nikakita miguu. Nikaupiga mshipi mkasi. Mkasi wangu unakata jinzi zilizokunjwa mara nne. Mshipi ule haukukatika.

Mkono ukatoka majini. Mweupe, umevimba, hauna kucha hata moja. Ukamkaba mdogo wangu koo. Niliuchoma kwa mkasi. Niliuchoma tena na tena huku natukana matusi yote ninayoyajua, nyama ikachanika, ncha ikatokea upande wa pili ikagonga jiwe. Haukulegea. Mdogo wangu alinitazama, macho yamemtoka, anataka kusema kitu. Mkanda ukakatika mkononi mwangu.

Akaenda.

Maji yakawa mekundu, yakatulia. Nililala kifudifudi juu ya mwamba, nikazamisha mkono mpaka begani, napapasa huku nalia. Sikumuomba Mungu hata neno moja, nilikuwa namuita yeye tu. Nikagusa vidole. Nikavishika, nikavuta kwa nguvu zote. Akaja mwepesi, mwepesi kabisa, kichwa kikatokea, anatweta. Ule uzi ulikuwa umejiviringisha kwenye kidole chake kidogo, umezama ndani ya nyama, na mshipi ulitoka hapo ukashuka wima majini. Bado ulikuwa unavuta.

"Nilisema uzi wote."

Yule mwanamke alikuwa amechutama nyuma yangu. Sikusikia alipofika.

"Chukua uzi wako!" nililia. "Chukua, mama, niachie mdogo wangu!"

"Basi kata," alinong'ona.

Nikakiweka kidole kati ya makali ya mkasi, nikabana kwa mikono yote miwili. Kach! Hakulia. Damu haikutoka hata tone, na mimi mjinga nikashukuru. Kidole kikatumbukia na uzi wake, kikashuka.

"Asante," alisema yule mwanamke. Alikuwa ananiambia mimi, lakini macho yake yalikuwa kwa mdogo wangu, na alikuwa analia kwa furaha. Nilipojifuta maji usoni, hayupo.

Nikasema twende hospitali. Akatikisa kichwa, akataka nyumbani. Nilimshika kiunoni njia nzima. Alikuwa wa baridi, lakini nani asingekuwa wa baridi? Nilikuwa nimempata, basi, mengine yatajulikana.

Mama alikuwa kitandani, taa imewashwa. Nilimuelezea nusunusu, maneno yananikwama. Akamwita akae karibu. Akampapasa ndevu, akampapasa shingo. Akaugeuza mkono uliokatwa na mshipi.

Akaurudisha taratibu mapajani kwake, kama anayerudisha kitu cha watu.

"Mdogo wako umemuacha wapi?" akaniuliza.

"Mama! Si huyu hapa? Homa imekurudia?"

"Mimi ndiye niliyemzaa. Nakuuliza tena."

Nikamtazama chini ya taa. Kifundo cha mkono kizima, hakina hata mchubuko. Yeye akamtabasamia mama, tabasamu la adabu, la mgeni aliyekaribishwa. Meno yake yote yalikuwepo.

"Yuko chini," akajibu kwa upole. "Msimlie, bado anapumua."

Mama, ambaye wiki nzima hakuweza hata kusimama, ndiye aliyetangulia kufika mlangoni.