Daftari la Mazoezi ya Tarumbeta

Kila asubuhi, wakati wanafunzi wengine wa shule yao pale Iguguno wakifagia uwanja na kumwagilia miti, Jesca alikuwa na kazi yake maalumu. Alikwenda ofisini, akawaamkia walimu, akapokea kishikwambi cha Mwalimu Chediel kwa mikono miwili na kukibeba hadi nyuma ya stoo, mahali pasipofikiwa na upepo. Huko walimngoja wapiga tarumbeta watano wa bendi ya shule. Yeye alikuwa wa sita, tena kiongozi wao. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini tangu apewe cheo hicho alitembea shingo juu, na kwa kweli hakuwa na sababu ya kuishusha.

Ndani ya kishikwambi mlikuwa na video za mafunzo. Zilionyesha vijana wa ng'ambo, wa zile bendi kubwa za gwaride zenye ngoma na matarumbeta, wakipasha midomo moto kabla ya kupiga. Vijana hao walizungumza Kiingereza cha haraka, hivyo mwalimu aliandika maelezo kwa Kiswahili kwenye karatasi. Kwanza tetemesha midomo mitupu. Kisha pulizia kile kikombe kidogo cha chuma kinachogusa midomo, chenyewe tu, bila tarumbeta. Halafu piga sauti ndefu za chini, na baada ya kila sauti pumzika kwa muda uleule uliopuliza. Sauti za juu zilikuwa za mwisho kabisa. Yote yalichukua dakika ishirini, na aliyemaliza aliwekewa na Jesca alama ya vema kwenye daftari la mazoezi.

Siku ya kwanza kabisa, kijana wa kwenye video alipiga sauti moja ndefu, akashusha tarumbeta, akakaa kimya. Walimngoja. Hakusema neno wala hakutikisika.

"Imekwama hiyo," alisema Kefa, mmoja wa wale watano.

Jesca akaisogeza mbele kwa kidole. Kijana akapiga sauti nyingine, akanyamaza tena, na Jesca akasogeza tena. Kwa mtindo huo mazoezi yakaisha kwa dakika saba, na muda uliobaki wakautumia kwenye video ya mwisho, ile ya sauti za juu, ambayo ndiyo iliyokuwa tamu.

Mchana ule Jesca aliisoma karatasi polepole, akaelewa. Video haikuwa imekwama hata kidogo. Yule kijana alikuwa akipumzisha midomo. Angeweza kuwaeleza wenzake kesho yake, na habari ingeishia hapo. Lakini wenzake walikuwa wamefurahi, na yeye mwenyewe alikuwa na haraka. Akajaza vema sita. Kesho yake akajaza nyingine sita.

Haraka yake ilitokana na tamasha la bendi za shule lililopangwa kufanyika Singida Mjini baada ya wiki tatu. Jesca ndiye aliyechaguliwa kupiga mwito wa ufunguzi, peke yake, bendi nzima ikiwa imetulia. Mwito huo ulipanda juu sana mwishoni. Mama yake, aliyeuza mafuta ya alizeti kando ya barabara, alikuwa ameshawatangazia wateja wake wote.

Wiki ya pili mdomo wake wa juu ukavimba. Alama nyekundu ya mviringo ikakaa pale alipozoea kukandamiza kikombe, na kila siku alizidi kukandamiza ili sauti itoke.

"Mdomo umefanyaje?" mama yake aliuliza.

"Upepo tu, mama. Umenipasua."

Mama akampaka mafuta ya alizeti. Mafuta yakafanya kikombe kiteleze, na Jesca akazidi kukandamiza. Hakumwambia mtu. Aliogopa kwamba akisema atanyang'anywa mwito, na hofu hiyo alilala nayo na kuamka nayo.

Jumatano, bendi ikiwa kwenye mazoezi ya pamoja, sauti ya Rukaiya ilikatika. Rukaiya alikuwa rafiki yake Jesca, msichana mpole aliyepiga sauti ya pili. Akajaribu tena, ukatoka upepo mtupu. Mwalimu Chediel akasimamisha bendi, akachukua daftari na kulifunua.

"Daftari linasema umepasha midomo kila siku bila kukosa," alisema. "Basi mdomo hauna tatizo. Tatizo ni wewe, Rukaiya. Hutilii maanani. Kesho asubuhi rudisha tarumbeta ofisini, nitampa Stumai anayengoja nafasi."

Rukaiya aliinamisha kichwa. Jesca alirudishiwa daftari, akalifunga.

Wakiwa njiani kurudi nyumbani, Rukaiya ndiye aliyeanza. Aliukunjua mdomo wake wa chini; ndani palikuwa na mchubuko.

"Sikukutaja," alisema.

"Kwa nini?"

"Wewe una mwito. Mimi ni wa sauti ya pili tu, hata nisipokuwepo mtaenda." Akatembea kidogo. "Ila naipenda ile tarumbeta, Jesca."

Jesca alitamani angetukanwa. Aliona haya, haya ya kweli, maana vema zote zile aliziandika kwa mkono wake, na sasa zilikuwa zikimfukuza mtu asiye na kosa.

Asubuhi alifika shuleni kabla ya mtu yeyote. Alimkuta Mwalimu Chediel akifungua mlango wa ofisi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona mapema hivyo?"

"Mwalimu, daftari ni la uongo. Rukaiya hana kosa." Akamweleza yote: video aliyodhani imekwama, karatasi aliyoisoma akanyamaza, sauti za juu za kila siku. Aliongea akitazama viatu vya mwalimu. Alipomaliza, alinyanyua uso ili mdomo wake uonekane.

Mwalimu aliinama kuutazama.

"Ulijua lini?"

"Siku ileile ya kwanza, Mwalimu."

Mwalimu Chediel akavuta kiti, akakaa. Hakupaza sauti, na hilo lilimwogopesha Jesca zaidi. "Na mimi jana nilimsema mtoto wa watu mbele ya wenzake bila hata kumwangalia mdomo," alisema hatimaye. "Nitamwomba radhi mbele ya wenzake vilevile. Wewe na yeye hampulizi kwa siku nne. Baada ya hapo mnaanza upya, mstari kwa mstari. Mwito nitaamua siku yenyewe."

Wakaanza upya. Kijana wa kwenye video aliponyamaza, nao walinyamaza, watu sita nyuma ya stoo wakisikiliza mifagio ya wenzao uwanjani. Kefa alilalamika kwamba anasinzia. Jesca hakusogeza kitu. Rukaiya alipona upesi, naye akawa anaujaribu mwito pamoja na Jesca, lakini mdomo wa Jesca, uliokandamizwa zaidi, ulichelewa.

Siku ya tamasha, uwanja wa Singida Mjini ulijaa. Bendi nyingine zilipuliza kwa nguvu tangu zishuke kwenye magari, kila moja ikitaka kuifunika nyingine. Jesca alikaa na wenzake kando ya ukuta na kuwaongoza dakika ishirini kamili, pamoja na mapumziko yote, huku macho yakimtafuta mama yake. Akamwona, amevaa kitenge kipya, amekaa mstari wa mbele na majirani wawili.

Mwalimu Chediel akaja.

"Jesca. Mdomo ukoje? Nitafuata utakachosema."

Alijua anaweza kusema uko vizuri, na hakuna ambaye angembishia. Pengine hata ingetoka. Aliumeza uchungu wake.

"Sauti ya mwisho inakuja mara mbili, Mwalimu, ya tatu inakatika. Ya Rukaiya inakuja kila mara."

Rukaiya alimgeukia, macho yamemtoka. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali.

Rukaiya alisimama mbele peke yake. Mwito ulipanda taratibu, ukafika kule juu, ukakaa hapo safi hadi watu wakasimama. Kisha bendi nzima ikaingia, na Jesca akapiga sauti ya pili nyuma yake, machozi yakimtiririka, ya wivu na ya furaha kwa pamoja.

Walipomaliza, mama yake alikuja kwa hatua za haraka. "Nilikuja kukusikia wewe," alisema, akageuka kumtazama mwalimu kana kwamba anadai maelezo.

"Mama, leo mwanao nilimuuliza swali ambalo jibu lake alilijua peke yake," alisema Mwalimu Chediel. "Akanipa jibu la kweli, huku likimnyima alichokitaka." Kisha akamgeukia Jesca. "Mdomo uliochubuka unapona kwa siku chache. Uongo ulioandikwa unaaminiwa na mtu mwingine, naye anawaumiza wengine kwa kuuamini, kama nilivyomuumiza Rukaiya. Mazoezi yanayochosha usiyaruke, na usiandike usichokifanya. Mwakani mwito utaugombea upya, na neno lako nitaliamini."

Mama alimtazama binti yake, akamfuta uso kwa upindo wa kitenge kipya.