Mawe ya Beisi ya Pili

Kila alasiri mjini kwetu Consuelo, nyuma ya kiwanda cha sukari, kabla ya kugusa mpira wa besiboli tuliokota mawe. Kila mtoto alisafisha mahali pake pa kuchezea. Hiyo ilikuwa sheria ya Kocha Eladio, kwa sababu mpira ukigonga kokoto hujui utarukia wapi.

Siku moja mimi sikuokota hata moja. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nimefura kwa hasira. Kocha alikuwa ameninyang'anya nafasi yangu, ile ya kati ya beisi ya pili na ya tatu, vile vituo vya wakimbiaji, ambayo kila mtoto wa mtaa wetu anaililia, akampa Yadiel. Mimi akanisukumia beisi ya pili!

"Pole, Wilkin," Yadiel alinicheka. "Huko wanapelekwa wenye mikono ya uji."

"Wilkin, umeokota mawe?" Kocha aliuliza.

"Nimemaliza zamani," nilijibu, nikitazama pembeni.

Baadaye nilikwenda kunywa maji, Yadiel akanishikia nafasi. Mpira ukaja chini chini, ukagonga kokoto, ukamrukia usoni. Alipoondoa mkono mdomoni, jino lake la mbele lilikuwa kiganjani, limelowa damu.

Mama yake alikuja mbio, mchi wa kupondea ndizi bado mkononi. "Eladio! Huu ni uwanja au machimbo ya kokoto? Mwanangu hakanyagi hapa tena!"

"Kosa ni langu, Mama Yadiel," Kocha alisema. "Uwanja ni wangu."

Akavua kofia, akapiga magoti, akaanza kuokota mawe yangu mbele ya watu wote. Alijua. Mbona hakunigombeza? Hasira ilinipanda tena, na safari hii nilijikasirikia mwenyewe.

"Si yeye!" nilipayuka. "Ni mimi! Sikuokota, halafu nikadanganya!"

Maneno aliyonipa Mama Yadiel hayaandikiki kitabuni. Alipochoka akasema, "Haya, atarudi. Lakini kuanzia kesho nakuja kukagua mwenyewe!"

Kocha naye alinivuta kando, macho mekundu. "Hujui kwa nini nilikuhamisha? Pale beisi ya pili mkimbiaji anakuvamia huku umempa mgongo. Nilitaka mtoto mwepesi wa miguu na asiye mwoga. Nilikuchagua, mjinga wewe!"

Nikacheza beisi ya pili miaka kumi na minne kama mchezaji wa kulipwa, nyumbani na ng'ambo. Kupiga kwa gongo sikuweza, na mashabiki walinizomea mpaka wakakauka koo. Lakini mpira wa chini ulikuwa haunipiti, na tuzo za ulinzi ninazo tatu. Hata kwenye nyasi laini niliinama kutafuta kokoto. "Wilkin, umepoteza hereni?" wenzangu waliniuliza. Niliwaacha wacheke.

Siku hizi nafundisha kwenye uwanja uleule. Mama Yadiel amezeeka, lakini bado anakuja kukagua, na hasira yake haijazeeka hata kidogo.

"Mnamwona huyu bingwa wenu?" huwaambia watoto, akininyooshea kidole. "Alidanganya kwa mdomo wake, jino likang'oka mdomoni mwa mwanangu. Ukiacha kazi yako na kusema umeifanya, anayeumia ni mwenzako. Mmesikia?"

"Tumesikia!" hujibu watoto.

"Na wewe, Wilkin?"

"Nimesikia, Mama Yadiel," husema, nikiwa nimeshainama kuokota.